Saa ya Jirani Niliyoitia Wazimu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kichwa changu kimekataa kuizeesha. Ilikuwa Ijumaa, mchana wa jua kali. Mtaa wa Mkunguni hapa Kariakoo ulikuwa umetulia kidogo kwa sababu wanaume wengi walikuwa wameelekea msikitini, na mimi Shomari, mtoto niliyelelewa katika dini, nilibaki peke yangu kwenye meza yangu ya kutengenezea saa, nikifanya jambo ambalo nisingependa hata inzi alione. Nitakusimulia kwa mpangilio, lilivyoanza hadi lilivyoishia, na sitajipaka mafuta. Mtu akisimulia kosa lake huku anajipendezesha, ujue bado hajaliacha.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zinaenea, watu wameanza kutazama saa humo humo kwenye simu, na sisi mafundi saa tulikuwa tumeanza kupiga miayo. Lakini jina nilikuwa nalo. Kazi nilifundishwa na Mzee Nassoro, mzee wa asili ya Kiarabu aliyetengeneza saa mjini hapa tangu mimi sijazaliwa. Macho yalipoanza kumchosha aliniachia meza yake, kibanio chake cha kushikia vyuma vidogo, na kile kioo cha kukuzia tunachokibana kwenye jicho. Toka Msimbazi mpaka Mtaa wa Kongo, mwenye saa ya maana alielekezwa kwangu. Hata Bwana Hilali, mwenye duka la jumla la vitenge lililotazamana na meza yangu, alinipa saa yake nimsafishie. Ilikuwa ya Uswisi, ya wapiga mbizi, uso mweusi, na pete ya pembeni inayozunguka kwa mlio mdogo kama wa ulimi ukigonga kaakaa. Siku niliyoifungua niliwaacha watu wajazane nyuma yangu watazame. Sikuwafukuza. Kusema kweli, nilifanya kazi polepole makusudi ili waongezeke.

Meza iliyofuata yangu ilikuwa ya Aminieli, Mchaga wa Marangu, mchonga funguo. Tulitumia mwavuli mmoja. Jua likihama, tulihamisha mwavuli bila kuulizana, yeye anashika mti, mimi nasukuma jiwe. Chakula tuliagiza pamoja kwa Mama Zuhura, mama lishe wa pale kwenye kona, na nyama ikiwa vipande vitatu, cha tatu tulikigawa kwa kisu chake cha kazi. Mashine yake ya funguo ilipiga kelele kutwa nzima nami sikuwahi kuichukia. Aliniita “fundi”, na kwa sauti yake neno hilo lilikuwa na heshima kamili. Mimi nilimwita Amini. Nilidhani ninampenda kama ndugu yangu, na nadhani kweli nilimpenda. Wivu, mwanangu, hausubiri upendo uondoke ndipo uingie. Huingia na kukaa nao kiti kimoja.

Ilianza siku Bwana Hilali alipoleta kufuli lake. Akiwa anasubiri ufunguo, aliivua ile saa na kuiweka mezani kwa Aminieli ili ajifute jasho. Aminieli akaitazama mpaka ufunguo ukachongwa vibaya.

“Vipi, Mchaga, unataka kuinunua?” akauliza Bwana Hilali.

“Hapana, mzee wangu. Najiuliza tu hii pete wameizuiaje isirudi nyuma.”

“Kuna kichuma kidogo chini yake kinachobana meno,” nikadakia mimi, fundi mwenyewe. “Lakini hayo mambo ya Uswisi, Amini. Si ya tupa.”

Akacheka, akasema, “Ufunguo nao ni meno na kichuma, fundi.”

Wiki iliyofuata nilimwona anachora duara kwenye karatasi ya kufungia funguo. Nikamuuliza. Akajibu kwa haya kidogo, kama mtu aliyekutwa anaimba peke yake: anataka kujitengenezea saa kama ile ya Bwana Hilali. Si ya kuuza. Ya kuchezea tu, ya kupotezea muda wakati wateja hawapo. Nilicheka sana, na nikamsimulia Mama Zuhura, naye akacheka.

Kicheko kile kilidumu mwezi mmoja.

Kuanzia hapo niligeuka mpelelezi. Huwezi kuamini jinsi jicho la mwenye wivu linavyoona. Ninaweza kukuambia leo, miaka yote hii imepita, kwamba chuma cha kasha lake alikitoa kwenye vyuma chakavu vya mtaa wa Gerezani, kipande kinene cha stenlesi, na akamwomba fundi wa kukereza wa kule kule amtobolee tundu. Kasha la kwanza liliharibika kwenye nyuzi za mfuniko. La pili lilichubuka pembeni, akalitupa. La tatu alilipiga tupa, kisha msasa, kisha dawa ya kung'arishia vyombo kwa kitambaa cha kanga kuukuu, siku kumi na moja mfululizo. Uso wa saa aliukata kwenye kibati cha shaba cha kitasa cha mlango, akaupaka rangi nyeusi mara tano, kila mara akiufunika kwa kikombe cha plastiki vumbi la mtaa lisiuguse. Mishale aliichonga kwa tupa yake ndogo kuliko zote, ile ya meno ya kufuli za masanduku, na ile pete ya pembeni akaikata meno kwa tupa hiyo hiyo. Mashine ya ndani aliitoa kwenye saa mbovu ya Kijapani aliyoinunua Buguruni, ile aina inayojijaza yenyewe mkono unavyotikisika. Aliniomba nimwonyeshe jinsi ya kuitoa bila kuivunja. Nikamwonyesha mara moja tu, haraka haraka, huku moyoni nikisubiri aivunje.

Hakuivunja.

Mahali ambapo saa ile ya asili ina jina la wenye kampuni, yeye aliacha patupu. Nilimuuliza kwa nini.

“Jina la watu siliandiki,” akasema. “Na langu bado sijalistahili. Ngoja kwanza itembee.”

Miezi minane ilipotimia, saa ikatembea. Bwana Hilali akavuka barabara mwenyewe kuja kuiona. Akaivua yake, akaiweka kando ya ile ya Aminieli juu ya kitambaa. Watu wakajazana. Safari hii walisimama nyuma ya meza nyingine, si yangu. Mgongo wa mtu mmoja ukanizibia mwanga, nami nilikuwa nimeshika skrubu ndogo kuliko punje ya ufuta.

“Wallahi, Mchaga,” akasema Bwana Hilali akiigeuza geuza, “mtu akiniamsha usingizini, navaa yako natoka nayo!”

“Ikilowa itakufa, mzee wangu. Yako inazama baharini, yangu hata beseni haiwezi.”

“Na mimi nazama wapi? Nauza vitenge!”

Wakacheka wote. Bwana Hilali akaongeza, “Ukiona vyaelea, vimeundwa. Nyie mnaona saa. Mimi nimekuwa nakiona kidole cha huyu kijana miezi minane, kimechubuka.”

Ndipo Mama Zuhura, akiwa na sinia la vyombo kichwani, akanitupia maneno bila ubaya wowote, kwa utani wake wa kila siku: “Fundi Shomari, una habari? Wewe unazitibu, mwenzio anazizaa!”

Mtaa mzima ukacheka, na mimi nikacheka. Nilicheka kuliko wote. Lakini neno lile liliingia, na halikutoka. Nilikwenda nalo nyumbani, nikala nalo, nikaswali nalo. Nilikuwa na miaka kumi katika kazi ya saa na sikuwahi kutengeneza hata moja iliyo yangu. Na huyu mtu wa funguo, ambaye hakujua mafuta ya saa yanatiwa wapi, amenipita mbele ya macho ya watu wote niliotaka wanitazame. Hapa nikuambie kitu nilichokigundua baadaye sana. Wale Waswisi walioitengeneza saa ya asili sikuwaonea wivu hata siku moja. Wivu hauna nauli ya kwenda mbali. Humtafuta wa karibu, anayekula nawe sahani moja.

Sasa saa ya Aminieli ilikuwa na tatizo dogo: ilikuwa ikitangulia kama dakika moja kwa siku. Jambo la kawaida. Kurekebisha mwendo ni kazi ya mwisho na ya kitaalamu, na yeye hakuijua. Alhamisi jioni aliniletea.

“Fundi, hapa mimi nimefika mwisho wa akili yangu,” akasema. “Nisaidie uitulize. Bwana Hilali amesema tutaziweka pamoja wiki nzima, yake na yangu, tuone. Ikienda sawa, nitajua mkono wangu ni mzima, nitaanza ya pili. Ikinishinda, basi. Nitakuwa nimejua mimi ni mtu wa funguo.”

Unaona alivyonipa? Hakunipa saa peke yake. Alinipa na kipimo cha nafsi yake, akaniambia na mahali pa kukivunjia.

Ijumaa asubuhi niliifungua. Ndani ilikuwa safi kuliko nilivyotaka iwe. Nikairekebisha. Ndiyo, mwanangu, kwanza niliirekebisha, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Ndani ya saa ya namna ile kuna springi nyembamba kama unywele, imejikunja kama kamba iliyozungushwa kwenye pia ya kuchezea watoto, na inapumua kwenda na kurudi. Niligusa kile kichuma cha kuharakisha na kuchelewesha kwa ncha ya kibanio, kidogo tu, nikasikiliza, nikagusa tena. Kufikia saa sita mchana ilikuwa inakwenda sambamba na saa yangu bila kupishana hata sekunde. Ilikuwa nzuri. Niliitazama nikaona kwamba kuanzia wiki ijayo nitakuwa jirani wa yule aliyeunda saa.

Adhana ikatoka. Aminieli alikuwa amekwenda Posta kufungua mlango wa ofisi ya mtu aliyepoteza ufunguo. Watu wakapita na kanzu zao. Mmoja akaniita, “Shomari, twende,” nikamjibu, “Tangulia, nakuja.” Sikwenda.

Mzee Nassoro alikuwa na amri moja kwa kila aliyemfundisha: redio isikae kwenye meza ya saa. Ndani ya spika ya redio kuna sumaku nzito, na sumaku ni sumu ya saa. Ikiigusa ile springi nyembamba, mikunjo yake hushikana, pumzi inakuwa fupi, na saa huanza kukimbia kama kichaa. Kwa macho huwezi kuona kitu. Hakuna kilichovunjika wala kulegea. Mtu asiye fundi anaweza kuifungua saa hiyo mara mia asijue kilichoipata. Sheria ile tuliishika ili kuzilinda saa za watu. Siku hiyo niliitumia kama mtu anayejua dawa ya panya inakaa kabati gani. Kule ndani ya uchochoro kulikuwa na fundi redio aliyekuwa ameacha maspika yake mabovu kwenye boksi na kwenda kuswali. Nikachukua moja, nikailaza saa ya Aminieli juu ya mgongo wa spika hiyo, penye sumaku, nikahesabu mpaka mia moja. Nilihesabu kwa utulivu, kama mtu anayefanya kazi halali.

Hasidi hana sababu, walisema wazee. Mimi nadhani sababu anayo, ila ni ndogo mno, anaona haya kuitaja.

Aminieli alirudi, nikamkabidhi. Akashukuru, akataka kunilipa, nikakataa. Jumamosi asubuhi akaja mbio.

“Fundi, imekuwa kichaa! Toka jana imetangulia saa nzima!”

Nikaishika, nikaiweka sikioni, nikakunja uso kama daktari. “Niliiacha sawa,” nikasema. “Labda kasha lako linaibana mashine. Chuma ulichokipiga tupa kwa mkono, Amini, hakiwezi kuwa sawa pande zote.”

Nilijua pa kumpiga. Aliitazama mikono yake pale pale mbele yangu.

Kwa wiki mbili, kila mchana, alikuwa analifungua kasha na kulipiga tupa upya. Alilipunguza huku, akaliongeza kule kwa vipande vya karatasi. Alibadilisha mishale akidhani ni mizito. Bwana Hilali aliuliza mara ya kwanza, “Tayari?” na mara ya pili, na mara ya tatu hakuuliza tena. Mwishowe akaacha, na ile mashine ya funguo ikawa inanguruma kutwa bila mapumziko, maana Aminieli hakuwa tena na muda wa kuchezea. Nami nilingoja furaha yangu ije. Nilikuwa nimeifanyia kazi, nilistahili mshahara. Ilikuja kidogo siku mbili za kwanza, kisha ikawa kama chakula cha jana kilicholala bila kufunikwa. Nilijiambia aliye juu mngoje chini, lakini alipofika chini sikuwa na la kumwambia.

Siku moja baada ya chakula akaja na ile saa ndani ya bahasha ndogo ya funguo, akaiweka mezani kwangu.

“Chukua, fundi. Mashine yake inaweza kukufaa kwa vipuri.”

“Na wewe?”

“Mimi nilijidanganya. Kila mtu na riziki yake.” Akatabasamu, na tabasamu lile lilikuwa zuri, halikuwa na lawama kwa mtu yeyote. “Lakini nashukuru ulinifundisha. Usingenionyesha kuifungua, nisingejaribu kabisa.”

Nikaipokea. Nikaitia kwenye droo ya vipuri, pamoja na saa zilizokufa.

Nadhani ingebaki humo mpaka leo kama si Mzee Nassoro. Alikuwa na desturi ya kupita kila baada ya siku chache kuangalia meza yake ya zamani. Kesho yake akaja, fimbo mkononi, tasbihi mfukoni.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, Shomari. Mbona huyu jirani yako ananyonga mashine namna hiyo? Ile saa yake iko wapi? Nimekuja kuiona.”

“Imemshinda, mzee. Ameniachia vipuri.”

Akanyoosha mkono. Nikafungua droo. Akaitazama kwa muda mrefu, akapitisha ukucha kwenye pete ya pembeni, akatikisa kichwa kwa kupendezwa. Kisha akaiweka sikioni. Macho yalikuwa yamemchoka, lakini lile sikio, mwanangu! Uso wake ukabadilika. Akaingiza mkono mfukoni akatoa dira yake ndogo ya kibla, ile anayoitumia akiwa ugenini kujua aelekee wapi kuswali, na akaiweka juu ya kioo cha saa. Mshale wa dira ukaanza kutetemeka, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, sawasawa na mapigo ya saa.

“Hii imelala kwenye sumaku,” akasema.

“Labda kule kwake...”

“Kwake kuna funguo na tupa.”

“Au aliipitisha karibu na redio ya watu, mzee. Nilimwambia ajihadhari.”

“Shomari.” Alisema jina langu kwa sauti ya chini, watu wasisikie. Hata katika hasira alinisitiri. “Mimi sijakuuliza ni wapi. Nakuuliza ni kwa nini.”

Nilitaka kusema neno la Mama Zuhura, lile la kutibu na kuzaa, lakini lilipofika mdomoni nikauona udogo wake, nikaona aibu kulitoa. Nikainamisha kichwa.

Akakaa kwenye kigoda cha wateja. Akasema, “Nilikupa meza hii kwa sababu mkono wako ulikuwa mwepesi. Sikujua mkono huo mwepesi ni wa mtu mwenye moyo mzito. Saa mbovu zipo nyingi mjini, na nyingine zimeharibiwa na mafundi wasiojua. Huyo asiyejua namsamehe. Lakini wewe umetumia kile nilichokufundisha. Umenifanya na mimi niwe nimeshiriki.” “Sasa nisikilize. Sumaku utaitoa mwenyewe. Saa utaipeleka mwenyewe. Mimi sitamwambia mtu. Ila jihadhari na jambo moja: ukimpelekea ukasema umeitengeneza, akakushukuru, utakuwa umemwibia mara mbili. Kwanza saa yake, halafu shukrani yake.”

Akainuka akaondoka, wala hakuitikia kwaheri yangu.

Kutoa sumaku hakukuchukua hata robo saa. Fundi televisheni wa uchochoroni alikuwa na koili kubwa ya mviringo ya kuondolea mabaka ya rangi kwenye vioo. Niliiomba, nikaipitisha saa katikati yake, nikaivuta taratibu kuelekea mbali. Dira niliyoiazima kwa muuza misala ikatulia, haikutetemeka tena. Saa ikarudi kwenye mwendo wake ule ule niliouweka mwenyewe siku ya Ijumaa, kama mgonjwa aliyeamka akaendeleza mazungumzo pale alipoyakatiza. Dhambi ya wiki mbili, dawa yake ilikuwa ya dakika chache. Kilichokuwa kirefu ni zile hatua nne kutoka meza yangu hadi ya Aminieli.

Alikuwa anachonga. Nikaiweka saa mbele yake. Akaitazama, akazima mashine, akalinganisha na saa ya ukutani iliyoonekana ndani ya duka la Bwana Hilali. Akangoja. Akalinganisha tena.

“Fundi!” akapiga kelele. “Umeiponya! Wewe mtu, wewe... Mama Zuhura, njoo uone, Shomari ameiponya!”

Mwanangu, hapo ndipo nilipopima uzito wa maneno ya Mzee Nassoro. Shukrani ilikuwa imeshaletwa mezani, moto, imepakuliwa. Sikuhitaji kusema uongo. Nilihitaji kunyamaza tu. Mama Zuhura alikuwa tayari anafuta mikono aje. Tungekula pamoja, ningekuwa fundi niliyeokoa saa ya mtaa, na Aminieli angenipenda kuliko mwanzo.

“Amini,” nikasema, “niliiharibu mimi.”

Hakuelewa. Nikamweleza yote, na Mama Zuhura akafika katikati ya maelezo akasikia sehemu kubwa. Nilitaja spika, nilitaja Ijumaa, nilitaja na kuhesabu mpaka mia moja. Kuhusu kasha kubana nilimwambia ulikuwa uongo mtupu.

Nilitegemea anitukane. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa ngumi. Yeye aliigeuza saa, akapitisha kidole kwenye ukingo wa kasha, pale alipokuwa amelipunguza na kulichubua bila sababu kwa wiki mbili.

“Kwa hiyo kasha lilikuwa sawa,” akasema.

“Lilikuwa sawa.”

“Na mishale?”

“Kila kitu kilikuwa sawa, Amini. Toka siku ya kwanza.”

Machozi yalimlenga, na niliona wazi kwamba hayakuwa ya hasira dhidi yangu. Yalikuwa ya mtu aliyerudishiwa mikono yake. Furaha ile ilimjaa mpaka mimi na uovu wangu tukakosa nafasi, na hiyo ndiyo adhabu iliyonikata kuliko ngumi. Mama Zuhura ndiye aliyenifyonya, fyonyo refu, akarudi kwenye masufuria yake. Kwa mwezi mzima kipande cha tatu cha nyama hakikuonekana kwenye sahani yetu.

Aminieli alinisamehe. Alinitamkia kwa mdomo wake Jumatatu iliyofuata, siku moja baada ya ibada yake ya Jumapili: “Shomari, yameisha.” Ile saa ilikaa wiki na ya Bwana Hilali ikapishana nayo kidogo sana. Akaanza ya pili, na ya tatu. Baadaye alipata chumba chake mwenyewe cha kazi, kule mtaa wa Gerezani. Tumezikana wazazi, tumechangiana harusi za watoto. Tukikutana tunakumbatiana, naye ananipa habari zake zote. Lakini zingatia hili: aliacha kuniita fundi. Ananiita Shomari. Na saa zake zinapotaka kurekebishwa mwendo, huzipeleka kwa fundi mmoja wa Posta, anayemtoza fedha nyingi na ambaye, nikiri, mkono wake haufikii wangu. Hajawahi kusema kwa nini. Sijawahi kuuliza. Maji yakimwagika hayazoleki. Alinisamehe kwa moyo wote, na kwa akili yote hakunipa tena saa yake niifungue, na yote mawili yalikuwa haki.

Kwa hiyo mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Siku utakapomtazama mwenzako aliyekaa karibu nawe, ukaona mafanikio yake yanakuzibia mwanga, usijifanye hujaumia. Wivu ni maradhi, na mficha maradhi kifo humuumbua. Ungama mapema, na kama unaweza, ungama kwake mwenyewe, kwa lugha nyepesi: “Ndugu yangu, hiki ulichokifanya kimeniuma, nionyeshe na mimi.” Ningesema maneno hayo mwezi ule wa kwanza, angenionyesha, maana Aminieli hakuwa mchoyo. Huenda leo ningekuwa na saa moja niliyoizaa mwenyewe. Sinayo. Nilitumia miezi minane nikiichunguza kazi ya mwenzangu kwa jicho la kuibomoa, na jicho hilo hilo lingetosha kunifunza kuunda. Usisafirie nyota ya mwenzio, na usipande juu kuizima.

Na kama umeshatenda, maana nawe ni binadamu, nenda ukaseme kabla hujashukuriwa. Wala usiende ukitarajia kurudishiwa vyote. Nenda kwa sababu kuna mtu mahali fulani anaitazama mikono yake akidhani ni mibovu, na wewe peke yako ndiye unayejua kwamba ni mizima.

Mungu akupe kazi ya mikono yako na akutosheleze nayo. Akuwekee jirani anayekuzidi, na akupe kifua cha kumpigia makofi. Ujuzi utakaopewa usiwe silaha juu ya aliyekuamini, na anayekuletea kilicho chake cha thamani leo, kesho aendelee kukuletea. Amina.